Bahari ya Mita Tatu

Wenzangu wa chumba cha walimu, na nyinyi kina mama wa cherehani pale kibarazani kwetu Magarama, hapa Gitega, mmeniuliza mmoja mmoja yaliyonipata huko Muyinga, na kila mara nimeishia katikati kwa sababu kengele imelia au mteja ameingia na kitambaa chake. Basi nimeyaandika yote. Pokezaneni karatasi hizi, na anayetaka kucheka acheke, maana safari hii nimestahili.

Magarama

Mwanzo wake mnaujua. Mimi Zuhura, binti wa fundi Saidi, nilikulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania, nikasoma, nikafika hadi pwani, na huko nikasomea fizikia ya bahari: namna joto, chumvi, upepo na mikondo vinavyoamua samaki yupi aishi wapi na ale nini. Vita vilipotulia wazazi wangu walirudi nyumbani, nami nikawafuata, nikaja kufundisha katika mji wa vilimani ambako maji mengi kuliko yote ni tangi la msikiti. Hata Gitega ilipofanywa makao makuu, wizara zilikuja, bahari haikuja. Jina la Madamu Oseani mlinipa nyinyi wenyewe. Na baba kila akipata mgeni humwambia, "Huyu binti yangu amesomea bahari," kisha wote wawili hugeuka kutazama kilima.

Jumapili ya likizo ya Pasaka, Consolate alinipigia simu. Kwa wasiomjua: Consolate ni rafiki yangu wa kambini, mtoto wa wakulima wa Buhinyuza, mkoani Muyinga, Mkristo wa kusali kila asubuhi. Tulikalia dawati moja miaka sita, na kwa muda mrefu tulikuwa na daftari moja la hesabu, yeye akiandika mbele na mimi nyuma. Aliporudi Burundi alilikuta shamba la marehemu baba yake, akalima, kisha akachimba bwawa la samaki bondeni. Kabla ya kulichimba alikuja Gitega kununua wavu, akalala kwetu, tukazungumza habari za maji mpaka chai ikapoa.

"Zuhura," alisema kwenye simu, "tilapia zangu zimekufa. Jana asubuhi nimezikuta zinaelea, tumbo juu. Sylvestre ametia sumu."

Sylvestre ni jirani yake, aliyebaki miaka yote ya vita. Ijumaa, wakati Consolate yuko sokoni, Sylvestre alikuwa amekata mikalitusi iliyokuwa ukingoni mwa bwawa, upande wake. Usiku ikanyesha mvua ya baridi. Asubuhi samaki wamekufa. Consolate alikuwa amejumlisha mambo mawili akapata jibu.

"Alhamisi tunakaa mbele ya abashingantahe," akasema. "Nitaapa kwamba ni yeye."

Hapo nilikaa chini. Abashingantahe ni wale watu wazima wa kilima waliotawazwa kuamua mashauri ya majirani. Ukiapa mbele yao neno lako halirudi tumboni. Na mtu akishaitwa mtia sumu kwenye kilima, jina hilo halimwachi. Wajukuu wake watakosa wachumba kwa ajili yake.

Nikamwuliza, "Walikufa wakubwa au wadogo?"

Akafikiri. "Wakubwa wote. Wadogo wamebaki wachache."

"Na vyura?"

"Vyura wanapiga kelele zao kama kawaida. Zuhura, mimi nalia samaki, wewe unaniuliza vyura?"

Lakini vyura ndio walionifungua macho. Sumu haichagui, ingeua vidogo kwanza na vyura pamoja nao. Nikamwambia asiape mpaka nifike. Akajibu, "Njoo basi. Ila Alhamisi ni Alhamisi."

Vyombo vyangu mlivicheka Jumanne asubuhi: kamba ya katani niliyoifunga fundo kila nusu mita, kufuli bovu la baba kama uzito, kipimajoto cha maabara ya shule, na chupa yenye kizibo kilichofungwa uzi wake peke yake, ili niizamishe imefungwa, nikiifikisha chini nivute uzi, ijae maji ya hukohuko. Mama alinitazama kutoka kwenye cherehani akasema, "Miaka yote ile ya chuo, mwanangu, umetoka na kufuli?" Kisha akanifungia chapati sita.

Gitega, kusubiri esansi

Nilidhani nitafika siku hiyohiyo. Dereva wetu, kijana mpole anayeitwa Dezire, alikuwa na gari zuri, matairi mazuri na redio nzuri. Alichokosa ni esansi, mafuta ya gari.

"Iko inakuja, Madamu," aliniambia saa mbili asubuhi.

"Inakuja kutoka wapi?"

"Wapi mi sijue," akajibu kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kifaransa. "Mais iko njiani."

Tulikaa kwenye foleni mpaka adhuhuri. Nikala parachichi na chumvi, nikala mahindi ya kuchemsha, nikaanza kuzila chapati za safari kabla ya safari. Sikusikia mtu akigombana. Wanaume walikuwa wanasukuma magari kwa mkono kila foleni iliposogea, gari la huyu na la yule bila kuulizana, kisha wanarudi kuketi na kuendelea na mazungumzo palepale walipoyaachia. Mimi nina hasira za karibu, mnanijua, na niliwatazama watu wale nikaona haya.

Karibu yangu aliketi mama mmoja mwenye kikapu cha maharage kichwani, ambaye hakukishusha hata mara moja. Alikuwa anaitazama kamba yangu tangu asubuhi.

"Iyo kamba, Madamu, iko ya kupima nini?"

"Maji, mama."

Akatikisa kichwa polepole, maharage yasimwagike. "Maji hayapimwake na kamba. Shamba ndiyo inapimwa na kamba." Kisha akauliza ninakokwenda. Nikamwambia Buhinyuza, kwa furaha, maana nilidhani nimepata mwenzangu wa njiani. Akasema tu, "Yoo," akageukia upande wa pili. Nilipaswa kuielewa ile "yoo". Sikuielewa. Lilipopita lori la mchanga linaloelekea kaskazini, mama yule alipanda mbele pamoja na kikapu chake, akatutangulia.

Ruvubu na Karusi

Tuliondoka mchana. Darajani Ruvubu nilimwomba Dezire asimame kidogo, naye hakuniuliza sababu. Mto ulikuwa umejaa, mwekundu, unakwenda bila kelele. Mnaona, mimi hupenda kuutazama ule mto kwa sababu hauna haraka ya kutuaga. Unazunguka nchi yetu, unaingia Tanzania, unaufuata Kagera hadi ziwa kubwa, kisha Mto Nile, na mwisho kabisa bahari. Maji ya vilima hivi yanakwenda mahali ambapo mimi nilikwenda kusoma nikitafuta nauli.

Dezire aliniuliza swali ambalo hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuniuliza. "Bon, Madamu. We umesoma bahari. Bahari na ndagala zetu za Rumonge, iko na uhusiano gani?"

Nikamweleza. Kila maji makubwa yana tabaka: juu maji ya moto kidogo, mepesi, yenye mwanga; chini maji ya baridi, mazito, na ndiyo yenye rutuba, kwa maana kila kinachokufa huzama. Chakula kiko chini na mwanga uko juu, kama sufuria iliyo sebuleni na moto ulio jikoni. Kazi ya kuvikutanisha ni ya upepo. Kiangazi upepo wa kusini unasukuma maji ya juu ya Ziwa Tanganyika, ya chini yanapanda kuchukua nafasi, vijani vidogo vinaota, vidudu vinakula vijani, ndagala, hao dagaa wetu, wanakula vidudu. Baharini ni vilevile, kwa ukubwa wa kutisha: mahali upepo unapoinua maji ya kilindini ndipo walipo samaki, na ndege, na watu wenye nyavu. Niliwahi kuteremsha kipimo kutoka kwenye meli ya mafunzo nikaona namba zinashuka ghafla kwenye mpaka wa tabaka, na samaki wote wamejipanga juu ya mpaka ule kana kwamba kuna sakafu. Nililia siku ile. Mwalimu wetu alidhani ni kichefuchefu.

"Donc upepo ndiyo iko inapika," akasema Dezire.

Sijawahi kulisema somo langu vizuri hivyo kwa maneno machache hivyo. Nimeliandika kwenye daftari la maandalio, na mkaguzi akija nitamwambia ni la Dezire.

Mbele ya Karusi tairi moja zuri lilikutana na msumari. Wakati wa kulibadilisha nilikula mishikaki ya mbuzi kwa ndizi za kuchoma, baada ya kuhakikisha nani amechinja, na mwenye jiko alinijibu bila kuudhika: "Ni Yusufu wa hapo nyuma, Madamu, kula na amani." Pilipili yake bado naikumbuka. Tulifika Muyinga mjini jua linazama, na Buhinyuza ikabaki ya kesho.

Muyinga mjini

Nililala kwa Mama Hadija, rafiki wa mama yangu tangu kambini, katika mtaa wa Waislamu ambako kila nyumba ya pili ina fundi wa kitu fulani. Asubuhi alinipa chai ya tangawizi na maharage, akanisikiliza habari zote za tabaka na upepo mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: "Na ukikuta ni sumu kweli?"

Nilikuwa sijajiuliza. Nilikuwa nimekwisha kulipenda jibu langu.

"Nitasema ni sumu," nikamjibu.

"Haya," akasema. "Mwenye kupima asiwe na upande. Chukua na sukari, nyumba yenye msiba haiendewi mikono mitupu." Nikamwambia ni msiba wa samaki. Akanifungia sukari vilevile.

Buhinyuza

Pikipiki ilinifikisha Jumatano alasiri, matope mpaka magotini. Mashamba ya Buhinyuza ni mazuri jamani: migomba, mihogo, maharage yanayopanda juu ya mahindi, hakuna kipande cha ardhi kilicholala. Lakini watu waliacha kulima nilipopita. Hawakuitikia salamu ya amani niliyowapa. Nilipofika penye shamba la Consolate nikaona wanaume saba, wanane, wamejipanga kwenye mpaka na majembe yao, na mbele yao mtu mrefu mwembamba mwenye kofia ya sufu. Nyuma yao, mwenye kikapu kichwani, nikamwona mama wangu wa foleni ya esansi.

Ndipo nikaielewa ile "yoo". Kwetu sisi tuliorudi, na kwa wale waliobaki, mgeni mwenye kamba ya mafundo maana yake ni moja tu: amekuja kukata shamba vipande. Yule mama alikuwa amesambaza habari tangu jana kwamba Consolate ameleta mpimaji kutoka makao makuu.

"Karibu, Madamu," akasema mwenye kofia. Ndiye Sylvestre. Kiswahili chake ni cha sokoni mpakani, na alikisema kwa upole ulionitisha kuliko ukali. "Mais hapa hakuna kitu ya kupima. Njoo uone."

Akanitembeza. Mpaka mzima kati ya mashamba yale mawili umepandwa miyenzi, ile miti ya utomvu mweupe ambayo wazee wetu walipandia mipaka, na ilikuwa imekatwa kwa usawa, imejaa, haina pengo hata moja.

"Wakati wenyewe wako Tanzania," akasema, "watu walikuwa wananiambia, Sylvestre, ng'oa, hawatarudi hawa. Kila mwaka mi nakata, napanda ile imekufa. Baba yake na baba yangu ndiyo walipanda. Nani atasema mi niko mwizi? Na sasa ati niko mtia sumu."

Machozi yalinilenga, nayasema wazi. Mtu kutunza mpaka wa jirani asiye na habari kama yu hai au amekufa, mwaka baada ya mwaka, bila shahidi! Wakati huo Consolate alikuwa ameshuka kutoka nyumbani, amesimama kando, mikono kifuani. Nikaifungua kamba mbele ya wote, nikawaonyesha kufuli na chupa, nikaapa kwamba sitapima hata unyayo mmoja wa ardhi kavu.

"Basi pima maji," akasema Sylvestre. "Mi nitasimama pale pale nione."

Bwawa lilikuwa kazi ya mwanamke mmoja na jembe lake, na nililistaajabia: kingo zimenyooka, mfereji wa kuingiza maji umezungushiwa mawe. Nikapima juu. Maji ya moto kidogo, kama ya kuogea. Nikateremsha kufuli. Fundo la kwanza, la pili, la tatu likazama. Nilitegemea kugusa chini hapo. La nne likazama. La tano. Kufuli likatua kwenye fundo la sita.

Mita tatu. Bwawa la samaki la mkulima huwa linamfika mtu kifuani.

Nikavuta uzi wa kizibo, nikaipandisha chupa. Maji yalikuwa ya baridi, ya kijivu, yananuka mayai viza. Kipimajoto kilishuka digrii sita. Ilikuwa ni bahari ile ile ya meli ya mafunzo, tabaka kwa tabaka, sakafu na yote, ndani ya shimo lenye upana wa ua wa nyumba. Maji ya kifuu bahari ya chungu. Furaha ilinipanda kwanza, Mungu anisamehe. Ndipo nikamwuliza Consolate, "Kwa nini ulichimba hivi?"

Alinitazama, akainama kuokota jani majini. Na mimi nikakumbuka.

Nilikumbuka chai iliyopoa. Nilikumbuka mimi mwenyewe, kibarazani kwetu, nimepata hatimaye mtu wa kunisikiliza, nikimweleza habari za kilindi, namna utajiri wote wa bahari unavyolala chini. Aliniuliza achimbe urefu gani. Nikasema, tena kwa kiburi cha mtu aliyesoma, "Nenda chini uwezavyo. Kina ndiyo akiba ya maji." Sikumwuliza bwawa litakuwa wapi, wala upana gani, wala kama upepo unalifikia. Naye alirudi akachimba miezi mitano kwa sababu Zuhura amesema.

Alhamisi

Sikulala vizuri, na sababu yake nitawaambia bila kujipamba. Ningeweza kunyamaza. Ushahidi ulitosha kumwondoa Sylvestre bila jina langu kutajwa: ningeeleza mvua, ningeeleza miti iliyokatwa, watu wangerudi makwao wamestaajabu elimu yangu. Ila sehemu ya lawama ingebaki kwenye miti ya Sylvestre, na kilima hakisahau nusu ya lawama.

Mkutano ulikaa uani kwa mama Perpetue, mmoja wa abashingantahe, mwanamke wa makamo anayeishi kwa kufuma vikapu na ambaye hakuacha kufuma hata shauri lilipoanza. Waliongea Kirundi, nawaandikia kwa Kiswahili. Consolate alisimama kwanza. Kabla hajafungua kinywa niliomba ruhusa nionyeshe kitu.

Niliweka mabeseni mawili. Moja nilikuwa nimelijaza maji ya juu ya bwawa, la pili maji ya chini, chupa baada ya chupa. Mama Perpetue mwenyewe alichagua vitilapia viwili kati ya vilivyobaki, akakitia kimoja huku na kingine kule. Cha maji ya juu kiliogelea. Cha maji ya chini kilipanda, kikahema mdomo nje, kikaanza kulala ubavu.

"Hivyo!" akapiga kelele Consolate. "Hivyo hivyo ndivyo walivyokuwa wale wa mwisho kufa asubuhi ile!"

Nikakihamishia beseni la kwanza. Watu wazima ishirini waliinama juu ya beseni lile hawapumui wao wenyewe, mpaka kile kisamaki kikajiinua, kikapiga mkia. Mtu mmoja alipiga makofi. Nikaeleza: machicha ya mtama na samadi ambavyo Consolate alivilisha kwa ukarimu vilizama, vikaoza, vikamaliza hewa yote ya chini. Maji ya juu yaliyalalia kama kifuniko, na mikalitusi ikakinga upepo, hivyo hayakuchanganyika hata siku moja. Ijumaa kifuniko kilifunguliwa na mvua ya baridi, na upepo ukapita pale palipokuwa na miti. Baharini upepo huo huo huleta uhai, kwa kuwa unakoroga kidogo kidogo, mahali papana. Hapa ulikoroga sufuria nzima mara moja, kisha jua la siku zilizofuata likazipanga tabaka upya. Samaki wakubwa wanahitaji hewa zaidi, wakafa kwanza. Chura huja juu akavuta yake.

Mama Perpetue alimgeukia Sylvestre. "Ulikata miti kwa nini?"

"Mikalitusi inakunywa maji," akasema Sylvestre. "Kiangazi kinakuja. Nilitaka bwawa lake lisikauke."

"Na kwa nini hukusema tangu Jumamosi?"

"Nimeshtakiwa tayari. Wema ukiusema hapo, unaonekana umeununua njiani."

Consolate alijifunika uso na kitenge. Mama Perpetue akafuma mara mbili tatu, akauliza tena. "Basi kuna kitu sijaelewa. Mabwawa ya bonde hili yote ni mafupi. Hili la Consolate, nani alisema liende chini hivyo?"

Nilimtazama Consolate. Alikuwa ameshusha kitenge, ananitikisia kichwa kidogo sana, hapana, hapana. Lakini mficha uchi hazai.

"Ni mimi," nikasema. "Nilimshauri mimi. Sikuwahi kuliona bonde hili. Niliisema bahari, nikasahau kuuliza shimo."

Hapo Sylvestre, yule mtu mwenye uchungu wa siku tano, akavua kofia. "Madamu," akasema kwa Kiswahili chake ili nimpate vizuri, "kumbe muuaji alitoka Gitega na kamba yake mkononi?" Ua mzima ukaangua kicheko, na yule mama wa kikapu alicheka kuliko wote.

Hukumu ya mama Perpetue ilikuwa fupi. Mvua haiitwi barazani. Miti ilikatwa kwa wema. Mwenye kosa ni mwenye elimu aliyesema kabla ya kuona. Nitabeba udongo kulifupisha bwawa, na nitatoa pombe ya kupatanisha.

Kwa desturi yao mshtaki na mshtakiwa hunywa chungu kimoja kwa mirija miwili. Mimi Mwislamu, pombe sinunui. Mashauriano juu ya jambo hilo yalichukua muda mrefu kuliko shauri lenyewe. Mwisho ikakubaliwa kreti ya fanta sitroni, ile ya limau, na mama Perpetue akatia mirija miwili kwenye chupa moja. Consolate na Sylvestre waliinama, paji kwa paji, wakavuta. Kisha akatafuta mrija wa tatu, akaniita.

Kurudi

Ijumaa nilibeba udongo kutwa nzima, na nusu ya kilima ikabeba nami. Sylvestre ndiye aliyesimama katikati na kamba yangu, akipiga kelele fundo kwa fundo, mpaka yakabaki matatu. Hiyo ndiyo habari ya kipimajoto, mwalimu wa maabara: hakijapotea, kiko kwake Sylvestre, anapima asubuhi na jioni, na nitakilipa. Jana ameniandikia kwamba juu na chini zinakaribiana na vidogo vinakula.

Jumamosi Consolate alinisindikiza hadi barabarani, sukari ya Mama Hadija ikiwa imegeuka kikapu cha maharage kichwani mwangu. Nilimwomba radhi mara ya kumi. Akanikatiza.

"Nilikumbuka maneno yako asubuhi ile ile," akasema. "Nimeshika samaki wa kwanza, nikanusa yale maji ya chini, nikajua ni kina. Nikajizuia kujua."

"Ukamshtaki Sylvestre?"

"Ningekushtaki wewe ningebaki na nani? Yeye nilidhani naweza kumpoteza."

Pikipiki ilikuwa imefika, dereva ananisubiri. Nikamwuliza, "Na sasa?"

Alitazama nyuma, kule bondeni, ambako Sylvestre alikuwa ameinama juu ya maji anasoma kipimajoto, amekishika kwa mikono miwili.

"Miyenzi ile," akasema, "nimepita pembeni yake tangu nirudi, kila siku, na sijawahi kujiuliza nani anaikata."